Siku tatu Morogoro au siku kumi Muscat?

Mwalimu mmoja wa skuli ya msingi alikuja kwenye duka langu la tiketi Mlandege, Unguja, na bahasha mbili. Moja ilikuwa na shilingi 640,000, noti za kila rangi, nyingine zimekunjwa mpaka zimekuwa kama sambusa. Ya pili ilikuwa tupu, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: MUSCAT. Akaziweka mezani akaniuliza, "Kaka, nizitumie Morogoro au nisubiri Muscat?"

Pesa zilitoka kwenye kibubu alichokuwa akitia 40,000 kila mwezi kwa miezi 16. Mumewe alitaka wasubiri safari kubwa, maana ana shangazi yake Muscat, kule Oman, hajamuona tangu udogoni. Watoto wao wawili walitaka kwenda popote, ilimradi si kwa bibi yao Makunduchi.

Nakata tiketi na kupanga safari mwaka wa kumi na nne huu, na wateja wangu wengi ni watu wa hapahapa. Suali la mwalimu nalisikia kila mwaka Idi ndogo ikishapita. Mtu huja na bei mbili, hii nafuu, ile ghali, na hataki zaidi ya kuambiwa achague. Mimi humuuliza kwanza: katika pesa hizo, ngapi za mlango?

Pesa ya mlango ndivyo tunavyoiita dukani. Ni ile unayolipa hata ukifika, ukalala usiku mmoja, ukageuza: nauli, pasipoti, viza, teksi ya usiku, begi jipya. Pesa ya siku ni chumba, chakula na daladala, na hiyo huongezeka kadiri unavyokaa. Sisi wa kisiwani mlango wetu ni mzito. Mtu wa Dar akitaka Morogoro hupanda treni akenda zake. Wewe una boti ya kwenda na ya kurudi, na pengine usiku mmoja wa Dar ambao hukuutaka, kwa kuwa boti na treni hazikupatana saa.

Nikachukua karatasi. Kwa watu wanne, mlango wa Morogoro ulitupa kama 290,000, boti na treni kwenda na kurudi. Kila siku tukaikadiria 110,000 kwa nyumba ya wageni ya kawaida na chakula cha mgahawani. Siku tatu, 620,000. Kibubu kinatosha na inabaki ya maji ya njiani.

Tukahamia Muscat. Pasipoti ya kielektroniki, tangu ilipoanza 2018, ni shilingi 150,000. Watu wanne, 600,000. Mwalimu akaitazama ile bahasha yenye pesa, akaitazama ile tupu, akacheka kicheko cha mtu aliyeumia. Miezi 16 ya kibubu ingeishia kwenye vitabu vinne, ndege bado, viza bado. Hata wakilala kwa shangazi, makadirio yangu ya safari nzima yalikuwa milioni 8. Kwa 40,000 za mwezi hiyo ni miezi 200, miaka 16 na miezi minane. Mtoto wake mdogo ana miaka sita.

Na hapo shilingi haijacheza. Nauli ya ndege ya nje, hata ukiilipa kwa shilingi, kichwani mwake ina dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Mwaka unakwisha ikashuka tena hadi karibu 2,400. Chukua tiketi nne za jumla ya dola 1,800. Kwa 2,300 ni shilingi 4,140,000, kwa 2,600 ni 4,680,000. Tofauti ni 540,000, yaani zaidi ya mwaka mzima wa akiba ya mwalimu, na yeye hakufanya kosa lolote, alikuwa darasani anafundisha kuzidisha.

Kwa hiyo jibu ni Morogoro? Mumewe aliponipigia simu jioni ile aliniambia nimemuuzia mkewe treni. Ana haki ya kushuku, lakini kwenye tiketi ya treni sipati cha maana. Ndege ndiyo inayonilipa.

Kuna watafiti wa Uholanzi waliolichungua jambo hili. Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti wa watu 1,530, wengine wamekwenda likizo na wengine hawakwenda. Waliokwenda walikuwa na furaha zaidi kabla ya kuondoka. Baada ya kurudi, wengi wao hawakuwa na tofauti na waliobaki nyumbani. Jessica de Bloom naye na wenzake, 2013, waliwafuata wafanyakazi waliokuwa kwenye likizo ndefu. Raha yao ilipanda mpaka kilele karibu siku ya nane, na ndani ya wiki ya kwanza ya kurudi kazini ikawa imeshayeyuka. Kama raha nyingi iko kwenye kungojea, basi safari tatu ndogo zinakupa kungojea mara tatu.

Lakini Waholanzi wale hawakuwa wakienda kumwona shangazi. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa kazi hii, wanaoipima kila safari kwa raha. Muscat kwa familia ile si likizo, ni kuunga udugu. Haina haja ya kushindana na Morogoro, na haifai kukaa nayo kibubu kimoja, kwa sababu likizo unaweza kuiahirisha na shangazi ana umri. Nilimwambia mwalimu hivi: safari ya shangazi si ya watu wanne. Aende mumewe peke yake, pasipoti moja, tiketi moja, na ndugu zake wa Unguja wamchangie kama wanavyochangia harusi. Pesa hizo ziwe na mtunzaji asiyekaa nyumba moja nao, maana kibubu cha nyumbani huliwa na misiba, na msiba huwezi kuukatalia.

Ila asende Juni hadi Agosti eti kwa kuwa skuli zimefungwa. Muscat miezi hiyo joto hupita nyuzi 40 na mtu hushinda ndani ya kiyoyozi. Wenyeji wenyewe hukimbilia Salalah, kusini, ambako tangu mwishoni mwa Juni mpaka Septemba kuna msimu wa khareef: manyunyu, ukungu, milima ya kijani. Unaletwa na pepo za mfumo uleule wa kusi inayotutikisia boti zetu hapa. Desemba na Januari ndiyo miezi ya Muscat.

Sasa kwa nini Morogoro na si Dar kwenyewe? Wengi wakisema safari fupi wanakusudia Dar siku tatu, nami huwauliza watafanya nini. Mtu wa Unguja akalipa boti aende kukaa ufukweni Kigamboni, huyo simuelewi. Wengine hujikuta Kariakoo siku zote tatu, wanarudi na mabegi na miguu imevimba, na hiyo ni biashara, si mapumziko. Mtoto wa kisiwani mpe asichokuwa nacho. Unguja ilikuwa na reli yake, Mjini hadi Bububu, ikafa miaka ya 1920. Tangu hapo treni tunaiona kwenye simu. Treni ya umeme ya Dar kwenda Morogoro ilianza kubeba abiria Juni 2024, kwa nauli ya 13,000 daraja la kawaida, na mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa. Na kule mwisho wa njia kuna Uluguru, milima inayopita mita 2,600. Sisi Masingini tunaiita kilima na hata mita 150 haifiki. Mwenye siku ya nne na pesa kidogo aongeze mbuga ya Mikumi, ambako raia hulipa kiingilio kwa shilingi.

Kilichobaki kwenye karatasi yetu kilikuwa mstari ninaoulazimisha kwa kila mteja: zawadi. Hauandikwi na mtu, na ndio unaovunja hesabu. Mwalimu aliniambia kuna binamu wa mumewe Morogoro, wanaweza kulala kwake, wakaokoa pesa za chumba. Nikamwambia, mwalimu, malazi ya bure ndiyo ghali. Utakwenda na haluwa na samaki, utawaachia watoto wa watu chochote mkononi, siku mbili kati ya tatu zitakwisha kwenye kochi ukiulizwa khabari za wagonjwa wa Unguja, na milima utaiona dirishani. Mpigieni simu mkishalala nyumba ya wageni usiku wa kwanza, mkamsalimie saa moja, basi. Na mkirudi, mtaa mzima hauwezi kula kashata za Morogoro. Tukaandika zawadi: 20,000, ile iliyokuwa imebaki. Akaweka saini kabisa, kama mkataba.

Walivuka mwezi wa Agosti, kusi imekaza. Nilimwambia vidonge vya kichefuchefu vimezwe kabla ya kupanda boti, kwa sababu ukishaanza kutapika havisaidii, na wakae katikati ya boti chini, si mbele wanakopenda watoto.

Saa saba mchana simu ikalia. Alikuwa stesheni, nyuma yake nasikia kipaza sauti na watoto wanapiga kelele. "Kaka, samahani," akasema kwa sauti ya chini, "pweza mkavu anaruhusiwa kwenye treni? Baba watoto ametia kilo tatu kwenye begi la nguo, ya binamu yake, na mimi ndio kwanza naisikia harufu."