Kwa nini tamthilia uliyoianza Unguja hupotea ukifika Muscat?

Umeondoka Unguja kwenda Muscat kumtembelea shangazi. Usiku wa kabla ya safari ulikuwa unatazama tamthilia, zimebaki sehemu mbili iishe. Umefika, umepewa nywila ya Wi-Fi, umefungua programu ileile kwa akaunti ileile unayoilipia kila mwezi. Tamthilia haipo. Wala haigomi kucheza: hata ukiitafuta kwa jina haiji. Badala yake zimejaa filamu za Kimisri ambazo ukiwa nyumbani hukuwahi kuziona.

Wengi hudhani akaunti imeingiliwa au malipo hayajapita. Akaunti ni nzima. Ulichovuka ni mpaka wa ramani nyingine kabisa, ramani ya haki za filamu, na hiyo haifundishwi shuleni.

Filamu haiuzwi kama gunia la mchele, kwamba ukishalipa ni lako, ukalile utakako. Kinachouzwa ni haki ya kuionyesha, na haki hiyo hukatwa vipande: kwa nchi, kwa muda na kwa njia ya kuonyeshea. Kuna haki ya kumbi za sinema, ya ndegeni, ya hotelini, ya televisheni ya kulipia, ya televisheni ya bure, ya kukodisha mtandaoni, na ya hizi huduma za kulipia kwa mwezi. Filamu moja inaweza kuwa mikononi mwa wenye haki ishirini tofauti kwa wakati mmoja, na kila mmoja ana mkataba wenye tarehe ya kuanza na ya kwisha.

Kwa nini isiuzwe mara moja kwa dunia nzima, mambo yakaisha? Jibu ni fedha za kuitengenezea. Chukua mtayarishaji mwenye muswada mzuri na waigizaji wawili wenye majina, lakini hana hela ya kupiga picha. Anakwenda kwenye soko la filamu, mathalani lile la Cannes nchini Ufaransa, lililoanza 1959 pembeni mwa tamasha. Huko anakutana na wasambazaji. Mmoja ananunua Ujerumani na Austria. Mwingine Japani. Mwingine anachukua Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini kwa mkupuo, mwingine Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara. Hapo kamera haijawashwa hata mara moja. Mtayarishaji anakusanya mikataba yake, anaipeleka benki iwe dhamana, anakopeshwa, kazi inaanza. Kwa filamu nyingi zisizo za studio kubwa, huko kuikata dunia vipande ndiko kulikolipa mishahara ya waigizaji. Ukilaani, laani ukijua hilo.

Sasa tazama ramani inayozaliwa na biashara hiyo. Unguja huangukia fungu moja na Lagos, Lusaka na Johannesburg. Muscat iko na Cairo, Beirut na Casablanca. Somalia, Djibouti na Sudan mara nyingi huhesabiwa pamoja na nchi za Kiarabu. Kwa hiyo Mzanzibari aliyekwenda Johannesburg, ambako hana ndugu wala jamaa, huenda asione tofauti kubwa kwenye orodha yake ya filamu, ilhali aliyekwenda Muscat, ambako ataamkiwa "shikamoo" mlangoni, anakuta kila kitu kigeni.

Waliowahi kuwa na deki waliwahi kukutana na ramani hii katika umbo lake la zamani. DVD zilipoingia sokoni, kuanzia Japani mwishoni mwa 1996, kampuni za filamu zilitaka kila diski iwe na namba ya eneo, na deki isome diski za eneo lake tu. Marekani na Kanada walipewa namba 1. Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati na Afrika Kusini, 2. Sisi tulipewa 5, pamoja na Urusi na India. Shabaha ilikuwa kulinda kumbi za sinema: filamu ilikuwa ikitoka Marekani miezi kadhaa kabla ya kufika Paris, na hakuna aliyetaka diski ya New York itangulie. Mitaani kwetu namba hizo hazikumsumbua mtu sana, maana DVD nyingi zilikuwa za kuchomwa, hazina namba wala mwenyewe.

Leo kazi ya ile namba inafanywa na anwani ya IP. Programu haikutambui kwa jina wala kwa kadi ya benki uliyojisajilia. Kila kifaa kinachoingia intaneti huonekana na anwani, na anwani hizo hugawiwa kwa kanda: za Afrika hutolewa na shirika la AFRINIC lenye makao yake Mauritius, za Oman na nchi jirani zake hutolewa na RIPE NCC la Amsterdam. Yapo majedwali makubwa yanayoonyesha anwani ipi inatumika nchi gani. Programu inatazama jedwali, inaona Oman, inakufungulia orodha ya Oman. Kwa jinsi inavyokuona, wewe ni mtu wa Muscat.

Ndiyo maana hutokea kioja ambacho wasafiri wengi wamekiona bila kukielewa. Zima Wi-Fi ya shangazi, washa data kwenye laini yako ya Tanzania kwa romingi. Tamthilia imerudi! Sofa ni lilelile, simu ni ileile. Kilichotokea ni kwamba data ya romingi kwa kawaida haiingii intaneti pale ulipo. Mnara wa Oman unaipokea, kisha inasafirishwa hadi kwenye mitambo ya kampuni yako ya simu nyumbani, na inatokea huko. Programu inaona anwani ya Tanzania, inakupokea kama mtu ambaye hajaondoka. Ila usichangamke sana. Netflix wenyewe wanakadiria kwamba saa moja ya picha ya HD inaweza kula hadi GB 3, na kwa bei za romingi sehemu mbili za tamthilia zinaweza kukaribia nauli ya kurudi kwenda kuzimalizia nyumbani.

Na VPN? Hiyo hukupa anwani ya nchi nyingine, na kwa muda mrefu watu waliitumia kwa raha. Januari 2016 Netflix ilitangaza kufungua huduma katika nchi zaidi ya 130 kwa siku moja, zetu zikiwamo. Siku chache baadaye, mwezi uleule, ikatangaza kwamba itawabana wanaotumia njia hizo. Nadhani hapakuwa na namna nyingine: ukishauza kila mahali, wenye haki wa kila mahali wanakutazama.

Tamthilia inayokufuata popote ni ile ambayo kampuni iliinunua kwa dunia nzima, hasa zile zenye nembo yake. Hata hizo zina historia. Netflix ilipoingia Afrika Kusini mwaka huo wa 2016, wateja waliitafuta House of Cards, tamthilia iliyoipa kampuni hiyo jina, wasiione. Haki za kule zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa televisheni ya kulipia.

Serikali nazo zina mkono wake. Mwishoni mwa 2018 Netflix iliondoa nchini Saudi Arabia sehemu moja ya kipindi cha mchekeshaji Hasan Minhaj iliyoikosoa Saudia, baada ya kutakiwa na mamlaka za huko. Kenya, mwaka huohuo, ilipiga marufuku filamu ya Kikenya ya Rafiki, inayohusu mapenzi ya wasichana wawili, nayo ikaonyeshwa kwenye tamasha la Cannes.

Ndani ya ndege mambo ni mengine. Katika ile mipango ya DVD kulikuwa na namba 8, iliyotengwa kwa ajili ya ndege na meli za kitalii, kwa sababu chombo kinachopita juu ya nchi saba kwa usiku mmoja hakiwezi kufuata mikataba ya nchi saba. Mpaka leo haki za ndegeni huuzwa peke yake. Shirika la ndege la TWA la Marekani lilipoanza kuonyesha filamu kwa ratiba ya kudumu mwaka 1961, lilifunga projekta na skrini moja kwa abiria wa daraja la kwanza. Siku hizi filamu hupakiwa kwenye kompyuta iliyomo ndani ya ndege na kubadilishwa kila baada ya muda, kwa kawaida mwezi. Skrini ya kiti chako haihitaji intaneti, na haina haja ya kukuuliza umetoka wapi. Tena ndege hupata filamu mapema, mara nyingi wakati bado iko kumbini au imetoka juzi tu, kabla haijafika kwenye programu za nyumbani. Utakachokosa ni baadhi ya vipande: mashirika mengi hayapendi kumwonyesha abiria ndege ikianguka.

Basi la kwenda Mwanza lina utaratibu wake. Skrini juu ya dereva, flashi imechomekwa, filamu ya Kihindi iliyotafsiriwa na DJ, sauti juu, na wenye siti za nyuma wanasikia spika bila kuona picha. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ingetaka kusema neno hapo, kwa kuwa kuonyesha filamu mbele ya abiria ni kuionyesha hadharani, na ruhusa ya hilo haimo kwenye bei ya nakala uliyonunua. Kondakta ana mambo mengine ya kushughulikia.

Kama unataka kuona ramani hii ikifanya kichekesho, tazama mpira. Ligi Kuu ya Uingereza kwetu iko kwenye chaneli za SuperSport, Muscat iko kwenye chaneli za beIN. Uingereza kwenyewe kuna katazo la Jumamosi: kuanzia saa nane na dakika arobaini na tano mchana hadi saa kumi na moja na robo, mpira hauonyeshwi moja kwa moja kwenye televisheni. Asili yake ni miaka ya 1960, pale Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, alipowashawishi wenzake kwamba televisheni itawaondolea watazamaji uwanjani, hasa timu ndogo. Mechi za saa tisa alasiri kwa saa za London zinaangukia humo. Kwa hiyo kijana wa Mombasa aliye kwenye kibanda cha mpira anaiona moja kwa moja, na kaka yake aliyeko London, kilomita chache kutoka uwanjani, anamtumia ujumbe kuuliza matokeo.

Ulaya angalau walijaribu kurekebisha. Tangu tarehe 1 Aprili 2018, sheria ya Umoja wa Ulaya inazitaka huduma za kulipia zimpe mteja anayesafiri kwa muda ndani ya nchi wanachama orodha yake ya nyumbani. Mfaransa akiwa Ureno anaendelea alipoishia. Akipanda ndege kuja Zanzibar, sheria hiyo haimfuati.

Wewe uliyeko Unguja kilicho salama ni kupakua kabla ya kuondoka, na hata hapo kuna masharti. Baadhi ya filamu zilizopakuliwa hukataa kucheza nchi nyingine, kwa sababu programu ikishapata intaneti huhakiki upya mahali ulipo, kwa hiyo zitazame ndegeni kabla hujaunganisha Wi-Fi ya mtu. Nyingine zina saa: kwenye Netflix zipo zinazokwisha muda saa 48 baada ya kuanza kuzitazama. Watu wengi, wakiwa bado nyumbani, huzifungua kidogo waone kama zimeshuka vizuri, na saa hizo zinaanza kuhesabiwa palepale.