Picha ya bundi kwa nyeusi na nyeupe: maana ya kuigeuza

Wengi wakisikia "picha nyeusi na nyeupe" hudhani ni picha iliyonyang'anywa rangi. Unabonyeza kitufe, rangi zinatoka, kazi imekwisha. Kwa picha ya bundi, hapo ndipo kazi inapoharibika. Kugeuza picha kisanaa ni kuamua kila rangi iliyokuwepo iwe kijivu cha namna gani: njano hii ipande hadi karibu na nyeupe, au izame gizani? Programu ikiachwa ijiamulie itaamua, lakini haijui kwamba inamshughulikia bundi.

Tuchukue picha moja tuitazame kwa karibu. Bundi wa madoadoa, yule mwenye vishungi viwili kichwani ambavyo watu huviita masikio ingawa ni manyoya tu, ametulia mchana kwenye panda ya mti. Rangi yake na ya gome zimekaribiana mno. Kinachomfichua ni macho ya njano. Katika picha ya kidijitali kila nukta huandikwa kwa namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, kuanzia 0 hadi 255. Tuseme nukta moja ya jicho ina nyekundu 255, kijani 200, bluu 0. Nukta ya gome pembeni yake ina 140, 120 na 100.

Njia moja ya kawaida ya kugeuza huchukua takriban asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya bluu, kwa kuwa macho ya binadamu huona kijani king'avu kuliko rangi hizo nyingine, na bluu hafifu. Piga hesabu: jicho linatoka 194, gome 124. Jicho linang'aa kiasi, gome liko katikati. Sasa tumia chaneli ya bluu, yaani ile namba ya bluu, peke yake. Gome linabaki 100, jicho linakuwa 0, nyeusi tii. Mboni na duara la njano linaloizunguka vimeungana, na bundi amebaki na mashimo mawili usoni. Geukia nyekundu peke yake: jicho ni 255, nyeupe pe, na mboni imesimama katikati yake kama tone la wino. Hajabadilika mkao wala mwanga, lakini tumepata bundi watatu.

Huu ndio moyo wa dhana yenyewe, na ni wa zamani kuliko kompyuta. Kemikali za picha za mwanzo ziliitikia zaidi mwanga wa bluu, kwa hiyo vitu vya njano na vyekundu vilitoka vyeusi kuliko macho yalivyoviona. Mabamba ya kupigia picha yaliyoweza kuona rangi zote yalianza kuuzwa mwaka 1906. Baada ya hapo mpiga picha aliweza kuchagua kwa kuweka kioo cha rangi mbele ya lenzi. Kioo hupitisha rangi yake na kuzuia ile inayopingana nayo. Aprili 1927, kwenye bonde la Yosemite huko Marekani, mpiga picha Ansel Adams aliupiga picha mwamba wa Half Dome kwa kioo cha njano, akaona hakitaleta anga aliyokuwa akiiwaza, akabadili akaweka chekundu kilichoiva. Anga ya bluu ikatoka karibu nyeusi. Vitufe vya rangi unavyovikuta kwenye zana ya nyeusi na nyeupe ya Snapseed, programu ya kuhariri picha, ni kazi ya vioo vile vile, na programu nyingine, Lightroom, hukupa rangi nane uzisogeze moja moja.

Kwa bundi mkubwa kuliko wote Afrika, yule wa kijivu mwenye macho ya giza, rangi ya kuangalia ni nyingine: kope zake ni za waridi. Akisinzia, kope hizo ndizo picha yenyewe. Ukiegemea nyekundu zinapauka na kupotea kwenye uso. Ukiegemea kijani zinapata uzito, na usingizi wake unaonekana. Mimi huegemea kijani kila mara.

Bundi wa uso mweupe wenye umbo la moyo hana rangi nyingi za kuchezea, kwa hiyo kazi yake iko kwenye mwanga. Nyeupe ikishaungua kwa mwanga kuzidi, ndani yake hakuna unyoya tena, na hakuna kitufe cha kusogeza kitakachourudisha. Punguza sehemu angavu kwanza, kisha tia nuru hapa na kivuli pale, kidogo kidogo, kama wachapaji wa picha katika chumba cha giza walivyokuwa wakiuzuia mwanga kwa mikono juu ya karatasi. Ukali nao uwe wa kiasi. Bundi huruka kimya kwa sababu ya ulaini wa manyoya yake na vijinyuzi vya ukingoni mwa mbawa. Ukivuta kontrasti, yaani tofauti ya weupe na weusi, kupita kiasi manyoya yanageuka waya, na umepoteza kitu chenyewe kinachomfanya awe bundi.

Hapa nina neno. Kwetu bundi akilia juu ya paa, kuna nyumba ambazo hakuna atakayelala. Anahusishwa na uchawi na msiba. Kwa hiyo mtu akikaa kuhariri, mkono wake huenda wenyewe kwenye giza: mandhari nyeusi, uso nusu, macho meupe yanayotisha. Picha kama hiyo hupendwa haraka, nami naiona ni kumsingizia ndege anayekula panya wa shambani. Nyeusi na nyeupe ina kijivu kingi katikati, na humo ndimo ilimo mistari ya kifua, mikunjo ya vidole na ule utulivu wa kiumbe anayesubiri jioni. Giza litumike pale lilipokuwepo kweli.

Jambo la mwisho ni la kulinda faili. Kibundi wa Sokoke, anayeishi msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kilifi na kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, ana urefu wa sentimita 16 hivi, na hupatikana kwa rangi tofauti: wapo wa kijivu, wa kahawia na wa wekundu wa kutu. Ukimgeuza bila uangalifu, wote wanakuwa ndege mmoja, na anayetaka kujua ulimwona wa rangi gani hana pa kuangalia. Hariri nakala, na ile ya rangi uihifadhi pamoja na tarehe na mahali ulipompiga.