+1 kwenye dadu ina uzito gani?

Katika ludo, aliyecheza miaka kumi hapati sita kwa wepesi kuliko aliyeketi leo. Dadu haina upendeleo. Michezo ya uigizaji ya mezani inataka upendeleo huo uwepo: mhusika wako, awe mpiganaji au mchawi, anapanda ngazi kadiri hadithi inavyosonga, na uhodari wake huingia kama nyongeza juu ya dadu. Kazi ngumu ya mtunzi wa mchezo ni kipimo. Ukiongeza kidogo mno, mchezaji haoni amekua. Ukizidisha, dadu inabaki pambo.

Dungeons & Dragons, iliyotolewa na Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, siku hizi hutegemea dadu ya pande 20. Unarusha, unajumlisha nyongeza, na ukiifikia namba inayotakiwa umefaulu. Kila upande una asilimia 5, kwa hiyo +1 moja kwa kawaida ni asilimia 5, kwa mwanagenzi na kwa bingwa. Hesabu nyepesi, lakini ndiyo iliyoliponza toleo la tatu la mwaka 2000. Humo mpiganaji wa ngazi ya 20 alipata +20 ya kushambulia kutokana na ngazi peke yake, mchawi +10. Waweke mbele ya adui mwenye kinga ya 30, yaani namba ya kufikia ili umpige: mpiganaji anampata kwa asilimia 55, mchawi kwa asilimia 5. Mbele ya adui wa kinga 15, mpiganaji hakosi mpaka dadu ionyeshe 1. Sasa anarusha ya nini?

Toleo la tano, la mwaka 2014, lilifunga breki. Nyongeza ya umahiri huanza na +2 na kuishia +6, na kipaji cha mwili au akili kwa kawaida hakivuki +5. Mpiganaji wa ngazi ya kwanza mwenye +5 humpata gobilini, kiumbe mdogo wa hadithi, mwenye kinga 15 kwa asilimia 55; akifika ngazi ya 20 na +11, ni asilimia 85. Ukuaji uliobaki umehamishiwa kwenye uhai na idadi ya mapigo: bingwa huyo hupiga mara nne kwa zamu. Gobilini naye bado anaweza kumjeruhi, na wakija thelathini ni balaa. Kwangu hapo ndipo mchezo unapokuwa na ladha.

GURPS, mchezo mwingine wa aina hii, wa Steve Jackson, wa mwaka 1986, ulipita njia nyingine kabisa. Unarusha dadu tatu za kawaida, na jumla isizidi ujuzi wako. Kwa kuwa kuna namna 216 za kuangukia, na nyingi hukusanyika katikati, +1 haina bei moja. Ujuzi wa 10 ni asilimia 50. Wa 11 ni 62.5. Lakini kutoka 15 kwenda 16 unapata chini ya asilimia 3. Dadu zenyewe zinamfunga bingwa breki.

Mtu atauliza, basi kwa nini ununue ujuzi wa 20? Kwa sababu ya makato. Kulenga jicho la adui hukata 9. Mwenye 16 anabaki na 7, yaani asilimia 16 tu. Mwenye 20 anabaki na 11, na tumeshaona 11 ina thamani gani.