Ratiba ya Mwenzako: Iga Mpangilio, Acha Kilo Zake

Rafiki yangu amejengeka vizuri na amenitumia ratiba yake ya jimu. Naweza kuifuata jinsi ilivyo?

Fuata mpangilio wake, ila kilo zake mwachie mwenyewe. Ratiba unayotumiwa leo ni ukurasa wa mwisho wa habari ndefu. Huoni alianza na uzito gani, amefanya mazoezi miaka mingapi, bega liliwahi kumuuma lini, wala analala saa ngapi.

Seti za marudio 10, yaani kunyanyua mara 10 mfululizo kisha kupumzika, zilienezwa katika miaka ya 1940 na Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewatibu askari majeruhi. Alianza kwa kutafuta uzito ambao mgonjwa aliye mbele yake aliweza kuunyanyua mara 10 tu. Katika mpango alioutoa na mwenzake mwaka 1948, seti ya kwanza ilikuwa ya nusu ya uzito huo, ya pili robo tatu, ya tatu uzito kamili. Wagonjwa wawili wangeweza kuwa na mpango mmoja na vyuma tofauti kabisa. Basi kwa rafiki yako chukua zoezi lipi linatangulia, anapumzika siku zipi, na anavyolinganisha mazoezi ya kusukuma na ya kuvuta.

Nitajuaje uzito unaonifaa mimi?

Anzia chini ya pale unapodhani unaweza. Ukimaliza marudio uliyopanga, uhisi kwamba ungeweza kuongeza mawili au matatu bila mgongo kupinda wala chuma kuyumba. Ukiona katika vipindi viwili vya mazoezi mfululizo unapita lengo kwa rudio moja au mawili, ongeza asilimia 2 hadi 10. Kwa chuma cha kilo 40 hiyo ni kama kilo 1 hadi 4, nyongeza ndogo kwa mikono, kubwa kidogo kwa miguu.

Wiki za mwanzo zina mtego, na hapa naomba usome taratibu. Nguvu huja haraka kwa sababu ubongo na neva zinajifunza kuiamuru misuli, kabla misuli yenyewe haijanenepa. Kano, zile kamba ngumu zinazoushika msuli kwenye mfupa, huimarika polepole kuliko misuli. Mtu anajiona ameshapata nguvu, anarukia kilo za mwenzake, na miezi michache baadaye kiwiko au goti linaanza kulalamika.

Kesho yake nashindwa hata kushuka ngazi. Ni asidi imejaa kwenye misuli?

Hapana. Lakteti, ambayo ndiyo hiyo watu huiita asidi, hutengenezwa wakati wa zoezi na huondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi. Maumivu ya kesho yanatokana na michubuko midogo midogo katika nyuzi za msuli na kazi ya mwili kuitengeneza, hasa ukifanya zoezi geni au lenye kushusha uzito polepole. Hufika kilele kati ya saa 24 na 72, kisha hupoa. Tembea kidogo, na upe msuli huo kama saa 48 kabla ya kuurudia.

Yapo maumivu mengine ambayo hayangoji. Msuli ukivimba na kuuma kupita kiasi, ukaishiwa nguvu, na mkojo ukawa na rangi ya chai iliyokolea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hiyo ni dalili kwamba misuli imevunjika na kumwaga kwenye damu protini iitwayo mioglobini, inayoweza kuharibu figo. Walio hatarini zaidi ni wanaoanza na wanaorudi baada ya mapumziko marefu, wakajitosa kwenye mamia ya marudio ambayo mwenzao ameyazoea kwa miaka.

Nafanya mazoezi peke yangu. Naweza kulala kwenye benchi nikasukuma chuma?

Hili ndilo zoezi linalonitia hofu kuliko yote kwa mtu asiye na msaidizi, maana chuma kikikushinda kinabaki kifuani au shingoni. Omba mtu asimame upande wa kichwa chako, na mkubaliane kabla: marudio mangapi, na ishara gani ya kumwita. Asipopatikana, tumia fremu yenye vizuizi, vikae chini kidogo ya kifua chako lakini juu ya shingo. Hiyo nayo ikikosekana, piga pushapu au tumia dambeli, vyuma vifupi vya kushika kimoja kila mkono. Dole gumba lizunguke chuma, kisiteleze.

Pumzi je? Toa unaposukuma, vuta unaposhusha. Kubana pumzi ukiwa na uzito mkubwa hupandisha presha ghafla.

Wiki nzima nifanye siku ngapi?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kama kutembea haraka.

Nani amwone daktari kwanza?

Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa au kisukari, mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, na yeyote anayebanwa kifua au kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Ukiwa jimu, ukisikia kizunguzungu au moyo kwenda ovyo, weka chuma chini. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani ni dharura.

Nami nataka kuwapa wenzangu ratiba yangu. Niandike nini?

Andika umefanya mazoezi muda gani, ulianza na kilo ngapi, uliumia wapi, na zoezi gani uliliacha na kwa nini. Badala ya "skwati kilo 100" (skwati ni kuchuchumaa na kuinuka na chuma), andika "skwati, seti 3 za marudio 8, kwa uzito unaoniachia marudio mawili". Na kama umetumia homoni za kukuza misuli, sema. Najua ni vigumu kusema. Lakini anayekuiga bila kujua ataona mwili wake ndio wenye kasoro, naye ataendelea kuongeza vyuma mpaka aumie.