Shotigani ya mtutu laini na slagi: maana yake na inavyofanya kazi kwenye kuwinda kulungu

Ukiishi kule Marekani, Ohio, Iowa, Indiana au Illinois, ikifika Novemba mpaka Disemba utawasikia watu kazini wanaongelea msimu wa kuwinda kulungu kwa shotigani, na Waswahili huko siku hizi tupo wengi, Wakongo na Warundi wa Des Moines, Wakenya na Watanzania wa Columbus, kwa hiyo kila mwaka kuna mtu anauliza lile swali: shotigani si bunduki ya ndege? Unamuangushaje kulungu dume la kilo 80 kwa marisau ya kupigia kanga?

Humpigi kwa marisau. Unampiga kwa slagi, risasi moja nzito badala ya punje nyingi, na hapo ndo watu wengi wanapochanganya mambo mpaka wananunua risasi za bei kubwa zisizoendana na bunduki yao.

Tuanze na bunduki. Shotigani ya kawaida mtutu wake kwa ndani ni laini, umenyooka tu hauna kitu, wakati raifo ndani ya mtutu ina mifereji iliyopinda kama inazunguka, ile mifereji inaikamata risasi na kuizungusha ikitoka ili iende imetulia. Shotigani haina hiyo kwa sababu ilitengenezwa kutawanya marisau, na marisau ukiyapitisha kwenye mtutu wenye mifereji yanatawanyika hovyo. Saizi ya mtutu inapimwa kwa geji, na hii hesabu ni ya kizamani kidogo: chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe goroli 12 zinazolingana, upana wa goroli moja ndo upana wa mtutu wa geji 12, kama milimita 18.5. Geji 20 unagawa goroli 20, kwa hiyo ni nyembamba zaidi, kama milimita 15.6. Ndo maana namba ikipanda mtutu unapungua, usije ukadhani geji 20 ndo kubwa.

Sasa slagi. Ni kipande kimoja kizito cha madini ya risasi kinachokaa ndani ya ganda lile lile ambalo lingebeba marisau. Slagi ya kawaida ya geji 12 ina wakia moja, yaani gramu 28 hivi. Ukitaka kuelewa uzito huo, risasi ya AK, kile kichwa chenyewe kinachoruka, kina kama gramu 8. Halafu slagi inatoka na upana wa milimita 18 tayari, haihitaji kutanuka ndo ifanye kazi, ingawa ikigonga mnyama inatanuka pia kwa sababu madini yake ni laini. Kwa kulungu wa Marekani, yule wa mkia mweupe, hiyo ni zaidi ya kutosha, shida ya slagi haijawahi kuwa nguvu. Shida ni kuipeleka unapotaka.

Na hapo inakuja swali la maana kabisa: kama mtutu hauna mifereji na risasi haizungushwi, kwa nini slagi haipinduki pinduki njiani?

Zamani ilikuwa hivyo hivyo. Wamarekani walikuwa wanaweka goroli moja tu ya risasi kwenye ganda la shotigani, na ile goroli ilibidi iwe ndogo kuliko mtutu ili ipite kwenye ncha ya mtutu iliyobanwa, sasa ikawa inatoka inagonga huku na huku na huwezi kujua itaenda wapi ikishavuka mita 30. Ujerumani bwana mmoja anaitwa Wilhelm Brenneke alipata dawa mapema, mwaka 1898, akatengeneza slagi nzima ya risasi halafu nyuma yake akafunga kizibo chepesi kisichoachia, kinasafiri nayo mpaka mwisho. Marekani dawa ilikuja 1931 kwa Karl Foster, yeye alichofanya ni kuichimba slagi kwa nyuma ikawa na shimo, kama kikombe kilichofunikwa. Ilikuwa kipindi kile uchumi umeanguka vibaya, familia nyingi za shamba zilikuwa na shotigani moja ya kuulia ndege na sungura na hela ya kununua raifo hakuna, kwa hiyo kitu cha kuingiza kwenye bunduki ile ile ukapata nyama ya kulungu kilikuwa na maana kubwa sana. Kampuni ya Winchester wakaanza kuiuza 1936, na mpaka leo slagi nyingi za bei rahisi dukani ni za mtindo wa Foster.

Kanuni ya wote wawili ni moja: uzito mbele, wepesi nyuma. Ni mkuki. Chuma kiko mbele, mti unafuata, na hata ukiurusha vibaya kidogo unajinyoosha wenyewe hewani. Slagi haitegemei kuzunguka, inategemea kichwa kizito kuvuta na mkia mwepesi kufuata.

Hapo utaniuliza, mbona slagi ya Foster pembeni ina mistari iliyopinda kama mifereji? Watu wengi, hata wauzaji, watakwambia ile ndo inaizungusha hewani. Kiukweli mzunguko inaotoa ni mdogo sana, hauna msaada wa maana. Kazi yake kubwa ni kwamba slagi ikipita kwenye ncha iliyobanwa ile mistari inabonyea kirahisi, ina nafasi ya kubonyea, slagi inapita bila kuukaza mtutu. Na kwa kuwa kwenye boksi zinaandikwa kwa jina linalotaja hiyo mifereji, kuna watu wananunua wakidhani ni za mtutu wenye mifereji. Kinyume kabisa, hizo ndo za mtutu laini. Ukizipiga kwenye mtutu wa mifereji hazitalipua bunduki ila zinaacha madini ya risasi yameganda kwenye mifereji, na kuyatoa ni kazi ya jioni nzima.

Zile za mtutu wenye mifereji zinaitwa saboti. Hii ni risasi nyembamba iliyovalishwa koti la plastiki, koti linashika mifereji, linazungusha, likitoka nje linaachia na risasi inaendelea peke yake kwa kasi zaidi na mbali zaidi. Bei yake inaweza kuwa mara tatu mara nne ya slagi ya kawaida. Sasa mtu anaona hii ni ghali basi ni bora, anaichukua, anaitia kwenye mtutu laini wa baba mkwe, na inapiga vibaya kuliko ile ya bei chee, kwa sababu hakuna kilichoizungusha, na koti mara nyingine haliachii vizuri, risasi inapaa kwa ubavu. Kama una mtutu laini saboti ni hela umetupa, na mimi nitarudia hili kwa mtu yeyote atakayenisikiliza. Kuna katikati pia, ncha ya kufunga yenye mifereji mifupi, inasaidia kiasi kwa baadhi ya bunduki lakini usiitegemee kama mtutu kamili.

Kuhusu ncha, hiyo inaitwa choki. Shotigani nyingi za kisasa, kama Remington 870 au Mossberg 500 ambazo utazikuta karibu kila nyumba ya mwindaji huko, mwisho wa mtutu unaweza kufungua choki na kuweka nyingine. Kwa slagi unataka iliyo wazi kabisa au iliyobanwa kidogo tu. Ile iliyobanwa sana ya kupigia bata mzinga iache, slagi laini itapita lakini imekamuliwa, na ikitoka haiko kama ilivyoingia. Kampuni ya Ithaca walienda mbali zaidi, 1959 walitoa bunduki yao ya Deerslayer yenye mtutu laini ulionyooka na kubana kidogo urefu wote ili slagi isichezecheze ndani, wazee wa vijijini bado wanaisifia.

Swali la umbali. Hapa ndo uongo mwingi unapoishi. Slagi ya Foster inatoka na kasi ya kama mita 490 kwa sekunde, sio haba, lakini ina uso mpana na butu kwa hiyo hewa inaipiga breki vibaya, ikifika yadi 100 kasi imeshuka mpaka mita 300 hivi na zaidi ya nusu ya nguvu iliyotoka nayo imeisha. Pia inadondoka, ukiiseti ipige katikati kwenye yadi 50, kwenye yadi 100 itakuwa chini kwa inchi 5 hivi, na upepo unaisukuma. Kwa bunduki yenye kishanga tu mbele, kile kitone cha shaba cha kulengea, umbali wa mtu mkweli ni yadi 50, kama mita 46. Kwa sababu alama ya nyuma ya kulengea ni jicho lako, na ukiinua shavu kidogo tu kutoka kwenye kitako basi mtutu umepanda na hujui. Ukiweka alama za nyuma na mbele kama za raifo, au darubini ndogo isiyokuza sana, unaweza kufika yadi 75, na kama bunduki yako na slagi zako zimependana, yadi 100. Anayekwambia anapiga yadi 150 kwa mtutu laini msikilize tu kwa heshima.

Kupendana nimesema kwa makusudi. Kila mtutu laini una slagi yake unayoitaka, na hakuna jedwali la kukwambia, bunduki mbili za aina moja toka kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana. Unanunua maboksi ya makampuni matatu hivi, unakaa chini, bunduki imeegemea gunia la mchanga, unapiga tatu tatu kwenye yadi 25 kwanza halafu 50, unaangalia zipi zinakaa karibu karibu. Matundu matatu yakiingia kwenye duara la inchi 4 kwa yadi 50 kwa mtutu laini, umepata, acha kutafuta. Vaa kinga ya masikio na weka kitu laini begani maana slagi ya geji 12 inapiga teke, na mtu akishaogopa teke anaanza kufumba macho kabla hajavuta. Geji 20 kwa yadi 50 inaua kulungu vizuri tu na haikuumizi hivyo, sioni aibu yake iko wapi.

Kwa nini watu wanasumbuka hivi badala ya kuchukua raifo? Sheria. Majimbo yale ya katikati ni tambarare, mashamba ya mahindi na nyumba zimechanganyika, na kwa miaka mingi serikali zao zilisema risasi ya raifo ikikosa inaenda mbali mno, tumia shotigani. Ni hoja inayoeleweka, ila haijakamilika. Pennsylvania utafiti ulifanywa ukatoka 2007, ukaonyesha kwamba ukipiga kuelekea juu ni kweli raifo inaenda mbali zaidi, lakini ukipiga usawa wa ardhi ile slagi ikigonga chini inaruka tena na kuendelea, na inaweza kufika mbali sawa na ya raifo au kuizidi. Kwa hiyo usijiambie kwamba hii ni slagi tu. Nyuma ya kulungu lazima uone udongo, kilima au mteremko, ndo maana kukaa juu ya mti kunasaidia, risasi inaelekea chini. Kulungu aliyesimama juu ya mgongo wa kilima nyuma yake anga tupu, muache aende.

Sheria zenyewe zimelegea. Ohio 2014 waliruhusu raifo za maganda yaliyonyooka, yale mafupi yasiyo na shingo, Iowa 2017, Illinois 2023 wakaruhusu zile za risasi moja moja, na vijana wengi wamehamia huko kwa sababu teke ni dogo na shabaha ni nzuri. Kila jimbo lina kijitabu chake cha mwaka, soma cha mwaka huu, usisome cha jamaa yako cha mwaka juzi, na marisau makubwa yale ya goroli tisa ambayo Kusini kuna sehemu yanaruhusiwa kwa kulungu, sehemu nyingi za huku hayaruhusiwi. Leseni, darasa la uwindaji na nguo ya rangi ya chungwa inayowaka ni lazima kwenye majimbo mengi. Na kwa ndugu zangu wageni, green card, ile kadi ya ukazi wa kudumu, inakuruhusu kumiliki bunduki chini ya sheria ya shirikisho, viza ya muda ina masharti mengine kabisa, uliza kabla hujagusa hata ya kuazima. Kwa wa nyumbani Kenya msiniulize, uwindaji ulifungwa tangu 1977.

Kitu kingine kinachosemwa sana ni kwamba slagi ni nzito basi inapita vichakani bila kupinda. Inapinda. Kijiti cha unene wa kidole kinatosha kuitoa njiani, na kwenye yadi 40 hiyo ni tofauti ya kifua na tumbo. Subiri akae wazi, amekupa ubavu, lenga nyuma tu ya bega theluthi ya chini ya kifua, pale kuna moyo na mapafu. Akikimbia baada ya kupigwa usimfuate hapo hapo, wengi hukimbia kidogo na kulala, ukimkimbiza atapata nguvu ya woga akuvushe mpaka shamba la jirani ambalo huna ruhusa ya kuingia. Kaa nusu saa, angalia alipokuwa amesimama, tafuta damu na manyoya, ndo uanze kufuata taratibu.