Mafuta ya breki hayaliwi

"Fundi, niongezee mafuta ya breki, yamekwisha." Juzi nimeambiwa hivyo tena, safari hii na mama mwenye Corolla ya miaka ya 90 anayopelekea watoto shule. Mara ya mwisho aliongeza lini? Wiki mbili zilizopita. Nikamwomba ufunguo.

Mafuta ya breki hayaungui. Yamefungiwa kwenye mabomba, yanasukuma na kurudi. Yakishuka kidogo kidogo kwa miezi, tazama pedi kwanza, vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu: zikilika, pistoni za kalipa, kifaa kinachozibana, husogea nje na mafuta huzifuata. Hiyo ni kawaida. Yakishuka ndani ya wiki mbili, yanavuja.

"Lakini chini hakuna hata tone." Jamani! Nani kasema lazima yadondoke chini? Wili silinda ya nyuma, ile ndogo inayosukuma viatu vya breki vibane dramu, huvujia ndani ya dramu, na viatu pamoja na vumbi lake hunywa kila kitu. Vua dramu, inua kwa kidole ukingo wa raba ya vumbi. Ukikuta umajimaji nyuma yake, silinda hiyo imekwisha, hata kama tairi ni kavu kabisa. Kama huko kote ni kukavu, fungua nati zinazoshika masta silinda, ile kuu inayosukumwa na pedeli, ivute mbele kidogo bila kukunja mabomba, uchungulie. Ikivuja kwa nyuma, mafuta huingia kwenye busta, chombo kinachouongezea mguu nguvu, na nje huoni kitu. Yakizidi humo, injini huyanyonya na ekzosi hutoa moshi mweupe; hapo mtu anaanza kufungua silinda hedi ya injini isiyo na kosa.

Pedeli inayozama huku kopo la mafuta ya breki limejaa ni habari nyingine. Washa injini, kanyaga, usiachie. Ikishuka polepole na hakuna kinachovuja, raba za ndani ya masta zinapitisha mafuta. Ikiwa inapanda ukipampu, mara nyingi ni upepo ndani ya mabomba, au viatu vya nyuma vimelegea. Nasema mara nyingi kwa sababu zipo masta zinazoshika vizuri ukikanyaga kwa nguvu, halafu zinazama kwa mguu mwepesi, ule wa kwenye foleni. Niliwahi kumrudishia mteja gari la namna hiyo nikamwambia ni zima. Lilirudi baada ya siku tatu. Bado zipo zinazonisumbua, hasa zile zinazozama injini ikipata moto tu.

Ukitoa upepo kwenye gari kuukuu, usikanyage pedeli hadi sakafuni. Mwisho wa masta kuna kutu ambako raba hazijafika miaka mingi, utazichana. Weka kipande cha mbao chini ya pedeli. Na oili ya injini usiitie humo kamwe. Huvimbisha raba zote.

DOT 3, aina mojawapo ya mafuta ya breki, ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi joto 205 za Selsiasi au zaidi. Ikishanyonya unyevu, kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. Ikichemka ukiteremka mlima Kitonga, pedeli inakuwa laini hivi hivi, bila kuvuja popote.

Ya yule mama ilikuwa wili silinda ya nyuma kushoto. Viatu vimelowa chepechepe. Nikabadilisha silinda na viatu pande zote mbili, nikatoa upepo. Aliuliza kama angeweza kwanza kuwahi watoto saa nane, kazi imalizwe kesho. Nilikataa. Akawafuata na bajaji.