Je, Wajua Kwa Nini Jiki Haichanganywi na Ndimu?

Mei 2020, Mji wa Kale wa Mombasa ulipofungwa kwa ajili ya korona, nilikuwa na hesabu yangu: jiki huua vijidudu, dawa ya choo nayo huua, basi nikizitia ndoo moja zitaua maradufu. Hesabu mbovu, lakini sikuwa peke yangu. Miezi mitatu ya kwanza ya mwaka huo, vituo vya sumu vya Marekani vilipokea simu zaidi ya 45,000 kuhusu sabuni na dawa za kuua vijidudu, asilimia 20 hivi zaidi ya 2019. Kisa kimoja ni cha mwanamke aliyeloweka mboga sinkini kwa jiki, siki na maji moto. Alifikishwa hospitali akikohoa na kuhema kwa shida.

Chukulia klorini, ile iliyomo ndani ya jiki, kuwa jini wa chupani. Kiwandani hutiwa kizibo cha magadi, yale makali ya kutengenezea sabuni, ndipo hutulia. Sasa ndimu, siki, ukwaju na dawa nyingi za choo ni asidi, na asidi hula magadi. Kizibo kikiliwa, jini hutoka akiwa gesi, nzito kuliko hewa kama mara mbili na nusu. Kwa hiyo haikimbilii dirishani. Hutambaa sakafuni, pale pale alipochutama anayesugua.

Kioja ni kwamba hesabu yangu haikuwa mbovu yote. Asidi kidogo kweli huifanya jiki iue upesi zaidi, kwani kabla ya kuwa gesi klorini hupitia umbo la kati, asidi ya haipoklorasi, linalopenya vijidudu kwa wepesi. Ila kutoka hapo hadi kwenye gesi si mbali. Wenye mitambo hupima. Mimi nilikuwa nakadiria kwa kifuniko cha chupa.

Nasi wa Mombasa tuna kishawishi cha ziada. Maji ya visima vya kisiwani hupita kwenye mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa, yakaacha ukoko mweupe kwenye vigae. Jiki haiutoi, asidi huutoa. Ndiyo maana chupa hizo mbili hukaa pamoja chooni, na ya kwanza ikishindwa mtu humwagia ya pili juu yake bila kusuuza.

Ukihitaji zote, anza na asidi, suuza kwa maji tele, jiki iwe kesho. Kwa virusi vya korona juu ya meza na vitasa, Shirika la Afya Duniani lilitosheka na jiki iliyozimuliwa hadi asilimia 0.1. Yaani karibu maji matupu.